Kwetu Kuna Wazee

Nimeambiwa kwamba wiki iliyopita hadithi hii ilisomwa kwa sauti kwenye baraza moja kule Likoni, na waliokuwapo wakacheka mpaka kahawa ikawamwagikia. Waliocheka ni wanaume. Basi na leo wasome, tuone watacheka mahali gani.

Wewe unayeanza leo, jua hili tu. Mwanasaumu ni binti wa Mzee Boga wa Mtongwe, mkulima na mchuuzi wa mbuzi. Asubuhi huenda Likoni kwa Bi Dhahabu kujifunza cherehani, na jioni hurudi. Njia ni moja, nayo inapita mbele ya duka ambalo baraza yake haikosi watu.

Watu hao wana mambo makubwa. Mwambao utakuwa wa nani? Mwingereza akishafunga virago, nani atatuheshimu? Ni heshima asubuhi, heshima jioni, wanaitafuna pamoja na kashata.

Akipita mwanamke, siasa hukatika.

"Ssss! Wee buibui!"

"Mzigo wote huo wa nyuma, umeulipia ushuru forodhani?"

"Bibi, hebu geuka tukusome upande wa pili!"

Mkubwa wao ni Mbwana, mwenye malori ya kuchukua nazi, mtu mzima mwenye wake wawili na kanzu isiyokosa pasi. Mbwana hutafuna tambuu. Akimpenda mwanamke anayepita humtemea mate mekundu mbele ya miguu, kisha hucheka. Hiyo ndiyo salamu yake. Hata kuandika hapa natamani kunawa mkono.

Mwanasaumu alinyamaza. Ndivyo alivyofunzwa na mamake, na mamake alifunzwa na mama yake: mwanamke wa watu haitiki njiani.

Tena mnakumbuka siku ya kiatu. Kanda ya kiatu chake ilikatika pale pale mbele ya baraza, akainama kukiokota, na Mbwana akasema alilosema, wote wakacheka. Na mmoja aliyekuwa ndani ya duka anacheza bao, ambaye Mwanasaumu hakumwona uso, akatupia na lake. Neno hilo la huyo wa ndani sikuliandika. Niliona haya.

Siku chache baadaye Mbwana aliinuka barazani akamfuata mpaka kwenye kona ya mashamba ya mihogo, na pale, kwa mara ya kwanza, Mwanasaumu akafungua mdomo. Hakutukana. Alisema lile ambalo kila mwanamke wa pwani hulisema akitaka kumfukuza mtu bila kujichafua ulimi:

"Kwetu kuna wazee."

Yaani kama una neno la maana lipeleke nyumbani kwetu, na kama huna, nipishe. Kwa kawaida dawa hiyo hufanya kazi. Mtu wa njiani hataki wazee, anataka mchezo. Utamwona anakuna kichwa, anarudi alikotoka.

Mbwana hakukuna kichwa. Alitema mate, yakarukia pindo la buibui, akasema, "Kumbe mdomo unao."

Mwanasaumu akakimbia. Hapo ndipo tulipomwacha.

*

Ijumaa ile hakwenda kwa Bi Dhahabu. Asubuhi alikuwa uani anapepeta mchele, na babake yuko bandani na mtu wa Timbwani aliyekuja kununua mbuzi wa akika.

"Mzee Boga, nitajie bei basi."

"Bei ya nini, bwana? Hata hujamshika nyonga!" Mzee Boga akamkamata yule beberu kwa nyuma, akamfinya paja kwa vidole vyote. "Shika hapa kwanza. Shika! Haya, sasa ndiyo tutajiane bei."

Wakacheka. Mwanasaumu naye akacheka. Maneno hayo ya babake alikua nayo. Walipokuwa wadogo yeye na nduguze waliigiza mchezo wa kuuziana mito ya kitandani, wakiifinya hivyo hivyo kabla ya kutaja bei.

Na nisimwonee Mzee Boga. Nyumbani alikuwa baba mwema, hakupata kumwinulia binti yake mkono. Watu walipomwambia kwamba mwanamwali wa rika lile haachiwi kwenda kushona mbali, alijibu, "Saumu wangu namjua. Kichwa chini, huyo mpaka nyumbani." Alisema hivyo kwa fahari.

Baada ya Alasiri Mwanasaumu alikuwa jikoni. Akasikia hodi ya wanaume, karibu ya babake, viatu vikivuliwa. Kisha ikamfikia harufu.

Tambuu.

Aliweka mwiko chini, akashika ukuta. Alidhani mtu yule amekuja nyumbani kwao.

Mamake, Bi Mwanatatu, akaingia mbio huku uso umemchanuka, nyuma yake Shangazi Mastura na leso mpya begani.

"Ndoo nikubusu, mwanangu! Umeposwa!"

"Na nani?"

"Na Mbwana mwenye malori! Hakuja mwenyewe, ana adabu zake. Kamleta ami yake, Mzee Mwinyihaji, na mzee mwengine, na sinia la tambuu limefunikwa kawa zuri hilo, utalipenda!"

Mwanasaumu hakusema kitu. Shangazi Mastura akamsukuma mamake kwa kiwiko. "Unamuona? Kanyamaza. Anaona haya."

Chumba cha wageni na ukumbi wa ndani vilitenganishwa na pazia tu. Sauti ya Mzee Mwinyihaji ilisikika vizuri, sauti ya mtu aliyezoea kusomesha.

"Ndugu yangu Boga, sifa nyengine ni za binti yako mwenyewe. Mtoto wa ndugu yangu alimkuta njiani akamsemesha kwa wema. Unajua alimjibu nini? Alimwambia, kwetu kuna wazee. Basi. Hakuzidisha neno. Mbwana akaniambia, ami, huyo ndiye mke. Mwenyewe kanituma kwao."

Mwenyewe kanituma kwao. Hebu msikieni mtu huyo!

Lakini Mzee Boga alifurahi mpaka sauti ikampasuka. "Wallahi ndiye Saumu huyo! Ndivyo nilivyomlea! Umesikia, Bi Mwanatatu? Kwetu kuna wazee!"

Mwanasaumu alisimama na masizi mikononi. Komeo alilofungia mlango ndilo lililogeuka ufunguo, na babake analipigia makofi.

*

Akamvuta mamake mpaka chumbani.

"Mama, yule mtu mchafu."

"Mchafu? Mbwana? Na kanzu zile?"

"Mchafu wa mdomo. Hunisemea maneno njiani, yeye na wenzake. Tangu mvua za mwaka jana."

"Maneno gani?"

Mwanasaumu akajaribu, akaacha. Kuna vitu mwanamke wa watu havitamki mbele ya mamake, na mwenye kuvisema njiani anajua hivyo, ndiyo maana anavisema.

"Maneno tu, mama."

"Basi kama ni maneno!" Bi Mwanatatu akakaa kitandani. "Unadhani mie nilipita njia gani nikiwa kigoli? Nilipita hiyo hiyo. Wanaume husema, mwanangu. Akishaoa atasema na wengine. Maneno hayaachi alama."

Mwanasaumu akaitoa buibui yake kwenye msumari, akamtandazia pindo mapajani. Nguo nyeusi haionyeshi sana, lakini doa lilikuwapo, kubwa, limekauka na kugandamana, na ukilikaribia linanuka chokaa na popoo na mdomo wa mtu.

Bi Mwanatatu alilitazama. Akalikwaruza kwa ukucha.

"Litatoka kwa ndimu," akasema.

Akainuka ili amtafutie ndimu. Wallahi nawaambia, hapo ndipo Mwanasaumu alipomwogopa mamake. Aliona kwamba mkono ule ulishasugua doa kama lile zamani, ukazoea.

"Nitamwambia baba."

"Mwambie! Atakuuliza, mbona hukusema tangu mvua za mwaka jana? Utamjibu nini? Kesho njia imefungwa, na cherehani utaisikia ikilia kwa jirani."

Shangazi Mastura alikuwa mlangoni, ameshasikia yote. Hakuwa mwanamke mbaya. Aliolewa na mtu wa namna hiyo hiyo, akazaa naye watoto saba, na wote anawapenda.

"Sikiza nikufunze, mwana wa ndugu yangu," akasema. "Mzee Mwinyihaji ni mtu wa dini, anataka kusikia kwako mwenyewe. Atakuja nyuma ya pazia akuulize kama waridhia. Usihangaike. Mwanamwali hana kazi ya kujibu. Ukinyamaza, umeridhia. Ukilia, ni haya, umeridhia. Ukicheka, ndiyo kabisa."

"Na nikisema sitaki?"

Shangazi Mastura akamtazama kama mtu aliyeulizwa njia ya mji asioujua.

"Mbele ya wazee? Nani husema hivyo?"

Hebu wapimeni wenyewe watu hawa. Njiani alifunzwa kwamba kunyamaza ndiyo kukataa. Nyumbani anaambiwa kwamba kunyamaza ndiyo kukubali. Mwanasaumu akauliza moyoni ni wapi basi mwanamke huweka hapana yake.

*

"Mwanasaumu binti Boga."

"Abee."

Mzee Mwinyihaji alikuwa upande wa pili wa pazia, karibu mpaka pumzi zake zilisikika. Nyuma ya Mwanasaumu wanawake wawili walimshika mabega, mmoja huku, mmoja huku.

"Mtoto wa ndugu yangu amekuposa. Baba yako ameliacha shauri kwako. Mbwana anataka ndoa Ijumaa ijayo. Je, waridhia?"

Kimya.

Alitaka kusema. Alisikia mzee yule wa pili akijikohoza tayari kushukuru. Alimsikia babake akivuta mkeka. Shangazi Mastura akamfinya ubavuni, ishara ya kwamba vizuri, endelea hivyo hivyo, na kifua chake kikajaa pumzi ya kigelegele.

"Alhamdu..." akaanza mzee wa pili.

"Ngojeni!"

Mwanasaumu mwenyewe alishtuka kuisikia sauti yake. Akajivua mikono ya wanawake, akashika pazia, akatoka. Kichwani leso, mkononi buibui.

"Saumu!" Mzee Boga akaruka.

"Mwache," akasema Mzee Mwinyihaji. "Nimemuuliza, ajibu. Sema, binti yangu."

Akaliweka pindo la buibui kwenye mkeka, ubavuni mwa sinia la tambuu. Harufu ni ile ile moja.

"Haya ni mate ya Mbwana. Alinitemea siku niliyomwambia kwetu kuna wazee. Sikumwita. Nilimfukuza."

"Uongo!" akafoka mzee wa pili. "Mbwana yuaswali safu ya mbele!"

"Na akitoka msikitini hukaa barazani. Nitasema anachosema huko."

Akasema. Msinitake niyaandike yote. Alianza na lile la forodhani, akapanda, akafika kwenye yale yasiyo na nguo. Alisema polepole, macho kwenye mkeka, neno kwa neno kama mtoto anayesikilizwa juzuu yake, na kila neno lilipotoka lilimchafua tena. Lakini alisema. Nyuma ya pazia mamake alikuwa anapiga astaghafiru mfululizo.

Mzee Mwinyihaji alifumba macho. Alipoyafumbua yalikuwa mekundu.

"Mbele ya watu husema haya?"

"Mbele ya baraza nzima. Wao hucheka."

Mzee Boga alikuwa anatetemeka. "Mwanangu," akasema, na machozi yalimlenga kweli, "mwanangu mie! Kwa nini hukuniambia? Ningemvunja meno! Wallahi ningeitia moto baraza ile!"

Moyo wa Mwanasaumu ukafunguka. Babake yuko upande wake! Siku zote alizokuwa akiogopa, kumbe hapakuwa na haja. Nguvu zikamjia, akataka kumaliza yote, asibakishe hata moja.

"Na siku kiatu changu kilipokatika, baba, niliinama kukiokota. Mbwana akasema, huyo ameshajiweka tayari. Wakacheka. Na mmoja alikuwa ndani ya duka anacheza bao, sikumwona uso wala sauti sikuishika kwa kelele zao, yeye akasema, Mbwana, usimtajie bei, hata hujamshika nyonga."

Neno likatoka. Likakaa pale mkekani, katikati yao.

Mwanasaumu alilisikia kwa masikio yake. Njiani alilisikia akiwa anakimbiza macho, kichwa kinavuma kwa aibu, hakuwa na nafasi ya kulijua. Sasa alilisikia kwa mdomo wake mwenyewe, ndani ya nyumba yao, na akajua alilisikia wapi mara nyengine. Alilisikia asubuhi ile ile, akalicheka.

Akainua uso polepole.

Mzee Boga hakutetemeka tena. Mikono yake ilikuwa juu ya magoti, na kwenye mkono wa kulia, katikati ya vidole, bado kulikuwa na manyoya ya mbuzi. Aliona binti yake anaitazama. Akaivuta ndani ya mikono ya kanzu.

Hakushangaa. Hilo ndilo lililomwua Mwanasaumu. Maneno mengine yote yalimshangaza, akalia, akaapa. Hili hakushangaa hata kidogo.

Nyuma ya pazia astaghafiru za Bi Mwanatatu zilikatika ghafla. Naye alikuwa amesikia. Naye alimjua mwenye maneno yale.

Mzee Mwinyihaji hakujua kitu. Aliliviringa pindo la buibui kwa staha, akamrudishia.

"Binti yangu, mimi nakuamini," akasema. "Lakini nikienda kwa Mbwana na neno lako peke yake atalikana, na wale wa barazani watamfuata, na jina litakaloharibika ni lako. Nataka mmoja tu aliyekuwapo akasikia. Huyo wa ndani ya duka, mcheza bao. Hata kama hukumwona uso. Labda umemjua baadaye?"

Mwanasaumu akaikumbatia buibui yake.

"Nitajie jina lake. Nitamwapisha mimi mwenyewe, sinia langu nitalibeba sasa hivi, na Mbwana hatapita tena mlango huu. Ni nani?"

Jina lilikuwa fupi. Tangu ajue kusema alikuwa anaitwa kwalo: binti Boga. Akilitaja, ameokoka na Mbwana, na babake hatatia tena mguu msikitini. Asipolitaja...

Akamtazama babake. Mzee Boga, baba mwema, aliyekuwa tayari kuitia moto baraza, akatikisa kichwa. Kidogo tu. Hapana aliyeona ila binti yake.

"Ni nani, mwanangu? Useme."

Mdomo wa Mwanasaumu ulikuwa wazi, na hakikutoka kitu. Kimya kikatanda, kikaendelea, kikazidi. Mzee wa pili akaanza kutabasamu.

Na nyuma ya pazia Shangazi Mastura, sijui kwa kutosikia, sijui kwa kusikia sana na kutaka kuyafunika yote yasitoke nje ya nyumba ile, akakiachia kigelegele alichokuwa amekibana kifuani.

Nyumba ya jirani wakakipokea. Ya pili yake wakakipokea. Mpaka kwenye mashamba ya mihogo Mtongwe nzima ikawa inapiga vigelegele.